Barua ya wazi kwa wasimamizi wa usalama wa anga: ndege iliyolala isiruke na mafuta iliyolala nayo

Kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kwa mameneja wa viwanja vya ndege vya Kanda ya Kati, na kwa wizara yenye dhamana ya uchukuzi.

YAH: NDEGE ZILIZOEGESHWA MUDA MREFU NA MAFUTA YALIYOMO NDANI YAKE

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi mstaafu wa ndege ndogo, mkazi wa Dodoma. Nimepata habari kutoka kwa watu wa kazi hii ninaowaamini kwamba ndege ya injini moja, ambayo imenyeshewa misimu kadhaa ikiwa imeegeshwa katika kiwanja kimoja cha kanda yetu, imepata mnunuzi, na kwamba mnunuzi huyo anataka iruke yenyewe hadi karakana ya mbali badala ya kufunguliwa mabawa na kupakiwa kwenye lori. Sitaji kiwanja, mwenye ndege wala namba ya usajili, kwa kuwa sikusudii kumchongea mtu, na kwa kuwa ndege hiyo haiko peke yake. Anayetembelea viwanja vyetu vidogo atazikuta nyingine, matairi yamekaa chini na vioo vimejaa vumbi, wenyewe wakisubiri fedha, vipuri au hukumu ya mahakama. Kilichonifanya niandike ni utetezi niliosimuliwa kuwa umetolewa kwa ajili ya safari hiyo, kwamba injini imewashwa ikawaka vizuri, na mafuta yaliyomo yanatosha.

Ombi langu kwenu ni kwamba kibali cha kuihamisha ndege ya aina hiyo, hata kama ni cha safari moja na rubani akiwa peke yake, kisitolewe kabla mafuta yote ya zamani hayajatolewa, matangi hayajakaguliwa kwa ndani, na fundi mwenye leseni hajaweka sahihi yake kwenye taarifa ya sampuli za mafuta mapya. Injini kuwaka chini hakuthibitishi chochote kuhusu kilichomo kwenye matangi, na nitajitahidi kueleza kwa nini.

Nianze na hoja ambayo hapa kwetu hutolewa kwa kujiamini sana, kwamba Dodoma ni pakavu na kwa hiyo maji kwenye mafuta ni tatizo la watu wa Bukoba na Tanga. Ni kweli kwamba mvua zetu ni za msimu mmoja, baina ya Desemba na Aprili, na kwa wastani hazizidi sana milimita 600 kwa mwaka. Lakini ukavu huo ndio unaofungua mlango. Kifuniko cha tangi katika ndege nyingi ndogo kiko juu ya bawa, kinaangalia mbingu, na kinachozuia maji yasipite ni mpira mwembamba wa mviringo. Miezi saba ya jua la Dodoma, pamoja na vumbi la Septemba na Oktoba, huukausha mpira huo mpaka ukapasuka nyufa ambazo huzioni bila kuutoa na kuukunja kwa vidole. Mvua ya kwanza ya Desemba inapokuja kwa kishindo, kama ijavyo siku zote, maji hutuama kwenye kibonde kidogo kinachozunguka kifuniko na kuteremka ndani taratibu. Watu hupenda kulaumu jasho la tangi, yaani unyevu wa hewa unaoganda usiku kwenye kuta za tangi lililo nusu tupu, na kweli jasho hilo lipo, hasa katika usiku wa baridi wa Juni na Julai. Kwa uzoefu wangu, hata hivyo, maji mengi niliyoyatoa kwenye matangi yaliingia kupitia kwenye kifuniko.

Yakishaingia hayatoki yenyewe. Maji ni mazito kuliko petroli ya ndege, ambayo lita yake moja ina uzito wa takribani gramu 720, na ni mazito pia kuliko Jet A-1, mafuta ya jamii ya mafuta ya taa yanayotumiwa na ndege za tabaini, yaani zenye injini za aina ya jeti, yenye takribani gramu 800 kwa lita. Kwa hiyo huenda chini na kukaa huko. Koki ya kutolea maji huwekwa mahali ambapo mtengenezaji alikusudia pawe chini kabisa ndege ikiwa imesimama sawasawa, lakini ndege iliyolala miaka haisimami sawasawa: tairi moja halina upepo, mguu wa pua umezama, ardhi yenyewe ina mteremko. Maji yatajikusanya kwenye kona nyingine, na koki itatoa mafuta safi kabisa. Hali huwa mbaya zaidi kwa ndege zenye matangi ya mpira yaliyotandikwa ndani ya bawa, kwa sababu mpira unaozeeka hujikunja, na nyuma ya kila mkunjo hubaki bwawa dogo lisilofika kwenye koki. Mwaka 1984 mamlaka ya anga ya Marekani ililazimika kutoa agizo kuhusu ndege kadhaa za Cessna zenye matangi ya namna hiyo, ikitaka mikunjo ikaguliwe. Ndege za kampuni hiyo, za zama hizo hizo, bado ziko nyingi katika viwanja vya Afrika Mashariki.

Naomba nisimulie jambo moja nililoliona katika kiwanja cha vumbi cha wilaya moja ya kanda hii, kwenye ndege iliyokuwa imelala muda mrefu. Kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwangu alikinga chupa ya kioo chini ya bawa, akafungua koki, akainua chupa juani na kusema kwa furaha, "Mzee, safi kabisa, hakuna hata mstari." Alikuwa sahihi kwamba hapakuwa na mstari, ule mpaka unaoonekana wazi maji yanapokaa chini ya petroli. Haukuwapo kwa sababu chupa nzima ilikuwa maji. Petroli ya ndege ya daraja la 100LL hutiwa rangi ya bluu, na katika ile chupa hapakuwa na bluu yoyote. Nilimwambia amwage kidogo juu ya saruji. Petroli ingekauka tukiitazama, lakini kile kilibaki pale pale kikiwa kidimbwi. Tuliendelea kukinga mpaka rangi ya bluu ikaanza kuonekana, kisha tukatikisa bawa kwa kulisukuma juu na chini, tukasubiri, na koki ile ile ikaanza tena kutoa maji, safari hii yakiwa na chembechembe za kahawia zilizoshikamana kama machicha ya nazi. Injini ya ndege hiyo ilikuwa imewashwa mapema siku hiyo hiyo, ikawaka na kunguruma bila kukohoa.

Wengi husema kwamba maji yangekuwapo, injini isingewaka. Ndege ikiwa imesimama, injini inayozunguka taratibu hula mafuta kidogo sana, na hula kwanza yale yaliyobaki kwenye mabomba, kwenye filta na kwenye kabureta. Maji yaliyo kwenye kona ya tangi hayajaguswa. Rubani ataiendesha ndege ardhini hadi mwisho wa njia ya kurukia, atajaribu injini kwa nguvu kwa muda mfupi, na kila kitu kitakuwa shwari. Kisha ataachia breki na kusukuma nguvu zote. Ndege itakimbia, itayumba kwenye mashimo, itainua pua. Hapo ndipo maji hutiririka kuelekea nyuma ya tangi, ambako katika ndege nyingi ndogo ndiko liliko tundu la kupeleka mafuta kwenye injini, na wakati huo huo injini inavuta mafuta kwa kasi kubwa kuliko wakati mwingine wowote wa safari. Maji hayaungui, na injini huzimika ndege ikiwa futi mia mbili au tatu juu ya ardhi, ambapo rubani hana kimo cha kugeuka kurudi uwanjani na analazimika kutua mbele yake, popote palivyo.

Katika Dodoma naomba mlitafakari hilo neno popote. Uwanja wetu wa sasa uko katikati ya jiji, na tangu Serikali ilipohamia hapa makazi yameuzunguka na magari yameongezeka. Hata shughuli zikihamia uwanja mpya wa Msalato, viwanja vidogo vya wilayani vitabaki na minada, shule na mashamba vikipakana navyo. Zaidi ya hapo, tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa Oktoba au Novemba hewa yenye joto huwa nyepesi kiasi kwamba injini ya pistoni isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupungukiwa nguvu hata ikiwa nzima. Ndege hupanda polepole, kwa hiyo injini ikizima, itazima ikiwa chini zaidi na karibu zaidi na mapaa ya watu kuliko ingekuwa Dar es Salaam.

Maji si uchafu pekee. Petroli iliyokaa muda mrefu kwenye tangi lenye tundu la hewa hupoteza kwanza sehemu zake nyepesi, zile zinazoifanya iwake kwa urahisi, na kuacha utando wa gundi unaonata kwenye kabureta, kwenye valvu na kwenye matundu membamba ya mabomba. Mipira ya mabomba iliyokauka huachia vipande vyake ndani ya mafuta. Kisha yapo mazoea ya kujazia, ambayo ninayaona kuwa hatari kuliko yote haya: mwenye ndege anaona hasara kumwaga lita mia moja za mafuta ya gharama, anaamua kuongeza mapya juu ya ya zamani, akiamini kwamba mapya yatayafufua. Kinachotokea ni kwamba mafuta yanayomiminwa huvuruga mashapo yaliyokuwa yametulia na kuyatawanya maji kuwa matone madogo yasiyoonekana, na sampuli ikichukuliwa hapo hapo itaonekana nzuri. Kanuni ya kazi ni kuyaacha mafuta yatulie, dakika kama 15 kwa kila futi moja ya kina kwa petroli ya ndege, na saa nzima kwa kina hicho hicho kwa Jet A-1, ndipo uchukue sampuli. Nani anasubiri, ikiwa mnunuzi amesimama pembeni na simu mkononi?

Kwa ndege za tabaini, ambazo viongozi na watalii wengi husafiria, kuna kiumbe hai pia. Kuvu anayeitwa kitaalamu Amorphotheca resinae huishi pale maji na mafuta ya taa yanapokutana, akila mafuta na kunywa maji. Hutengeneza utando mzito wa kahawia unaoziba filta na kudanganya vipimo vya kiasi cha mafuta, na huzalisha tindikali inayoitoboa aluminiamu ya tangi. Dawa ya kumuua ipo, lakini nayo si ya kutiwa kwa kukadiria. Mwezi Februari 2020 Airbus A321 iliyoruka kutoka Gatwick, Uingereza, ilipata matatizo katika injini zote mbili muda mfupi baada ya kuondoka, na wachunguzi wakagundua kwamba wakati wa matengenezo matangi yake yalikuwa yametiwa dawa hiyo mara 38 ya kipimo kinachopendekezwa. Ndege ilirudi salama, lakini nimeitaja ili pasiwe na mtu wa kusema kwamba chupa moja ya dawa inatosha badala ya kufungua tangi na kulisafisha.

Mtu akiniambia ndege kubwa zina mashine mbili na kompyuta za kutosha kuhimili mafuta machafu, nitamkumbusha Airbus A330 iliyotoka Surabaya, Indonesia, kwenda Hong Kong tarehe 13 Aprili 2010 ikiwa na watu 322. Mafuta iliyojazwa yalikuwa yameingiliwa na maji ya chumvi katika mfumo wa mabomba ya uwanja uliokuwa umefanyiwa kazi ya upanuzi, na chembe zilizotokana na filta za kujazia zikanasa kwenye vidhibiti vya mafuta vya injini zote mbili. Injini moja ilikosa nguvu, nyingine ikakwama kwenye nguvu kubwa isiyoshuka, na marubani wakatua kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 420 kwa saa. Walipona wote, ingawa makumi waliumia wakati wa kushuka. Ile ilikuwa ndege inayoruka kila siku, yenye kampuni kubwa nyuma yake.

Na ndege iliyosimama haihitaji miaka ili iwe hatari. Boeing 757 iliyoanguka baharini karibu na Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, Februari 1996 na kuua watu wote 189 ilikuwa imekaa chini kwa takribani wiki tatu tu. Wachunguzi waliona kwamba huenda nyigu walijenga ndani ya mrija unaopima mwendo. Nyigu hao hao wa udongo tunao hapa tele, na hawachagui kati ya mrija wa mwendo na tundu la hewa la tangi. Tundu la hewa likizibwa, tangi hushindwa kuvuta hewa kadiri mafuta yanavyopungua, na injini hunyimwa mafuta huku tangi likiwa limejaa.

Juu ya mapipa sitasema mengi, lakini siwezi kuyaruka. Petroli ya ndege haipatikani katika kila kiwanja, kwa hiyo hununuliwa kwa mapipa ya lita 200 na kuhifadhiwa nyuma ya nyumba ya mlinzi. Pipa lililosimamishwa wima kwenye mvua hukusanya maji juu ya mfuniko, na linapopoa usiku hunyonya maji hayo kupitia kwenye hesi za kizibo kilichofungwa vizuri kabisa. Lilazwe ubavu, vizibo viwili vikiwa usawa mmoja, chini ya paa. Hiyo ni gharama ya magogo mawili na mabati machache, na meneja wa kiwanja anaweza kuisimamia bila kusubiri waraka. Nchi hii ilijifunza vya kutosha kuhusu uchakachuaji wa mafuta ya magari, ikaanza kuweka vinasaba, yaani alama za kemikali za kutambulisha mafuta halali, mwaka 2010 na mwaka uliofuata ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa kishawishi cha kuyachanganya. Pipa la mwenye ndege binafsi lililo kiwanjani halina mlinzi wa namna hiyo.

Sasa nirudi kwenye ombi langu na kulieleza kwa namna linavyoweza kutekelezwa. Mameneja wa viwanja wanajua ndege ipi imelala, kwa sababu ndio wanaodai ada za maegesho. Basi wapeleke orodha hiyo kwa Mamlaka mara kwa mara, ili ombi la kibali likija, mkaguzi awe anajua tayari ndege hiyo haijaruka tangu lini. Ningependekeza kwamba ndege iliyopitiwa na msimu mmoja kamili wa mvua bila kuruka ihesabiwe kuwa imelala, hata kama mlinzi huiwasha kila Jumamosi. Kuiwasha huko, kwa kweli, hakusaidii: injini isiyopata joto kamili hujiongezea unyevu ndani, na watengenezaji wa injini za Lycoming wamekwisha kuonya kwamba hata kuzungusha panga la ndege (propela) kwa mkono ili kuzuia kutu kunadhuru kuliko kusaidia.

Sampuli za mafuta zichukuliwe ndege ikiwa imesawazishwa, tairi zikiwa na upepo, baada ya kutulia kwa muda unaotakiwa, na chupa moja kutoka kila koki ifungwe kwa lakiri, iandikwe tarehe na saa, na ibaki kwa meneja wa kiwanja hadi ndege itue ilikokwenda. Ikitokea ajali, wachunguzi watakuwa na kitu cha kushika mkononi.

Mafuta yaliyotolewa nayo yawe na pa kwenda. Petroli ya ndege ya 100LL ina madini ya risasi, hadi gramu 0.56 kwa lita, wakati petroli ya magari yetu iliachana na madini hayo tangu miaka ya 2000. Nimeona mafuta ya namna hiyo yakigawiwa kwa vijana wa bodaboda kama zawadi, wakiyanyonya kwa mpira na mdomo. Pasipokuwa na utaratibu rasmi wa kuyapokea, zawadi hiyo itaendelea, na mwenye ndege ataendelea kuona ni afadhali kuyachoma angani.

Jambo la mwisho linahusu fundi. Sheria inamtaka aweke sahihi, lakini haimlindi inavyostahili anapokataa kuiweka. Fundi kijana anayemwambia mwenye ndege kwamba matangi yafunguliwe huambiwa kwamba anajifanya mjuaji, kwamba yuko mwenzake atakayesaini kwa nusu ya bei, na wakati mwingine hupokea simu kutoka kwa mtu mzito asiyejua bawa lina koki ngapi. Naomba Mamlaka iweke utaratibu ambao fundi akikataa, kukataa kwake kuandikwe kwenye faili la ndege, na fundi wa pili asiweze kusaini bila kwanza kujibu kwa maandishi hoja za yule wa kwanza.

Ndege niliyoitaja mwanzoni, kwa habari nilizonazo, bado haijaruka. Mkaguzi anaweza kufika kiwanjani kwa gari kutoka Dodoma asubuhi na kurudi jioni, akiwa na chupa za kioo, tochi, na bisibisi ya kufungulia kifuniko cha tangi. Niko tayari kumwonyesha njia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi mstaafu wa ndege,
Dodoma.